Kitabu cha Kuwapa Vijana: Safari ya Salva

Walimu wenzetu hutuuliza mara kwa mara ni kitabu gani kifaacho kupewa kijana ajuaye kusoma lakini asiyependa kusoma. Swali hili si jepesi. Vitabu vya mafunzo anavyo shuleni, naye huvifunga mara kengele iliapo. Hadithi za sungura na fisi amekwisha kuwaachia wadogo zake. Atakacho ni kitabu kitakachomshika mkono na kumvuta, hata mama yake akimwita mara tatu kuja kula asisikie. Mwezi huu twapenda kuwaarifu wasomaji wetu juu ya kitabu kimoja cha namna hiyo. Sisi wenyewe tulikifungua jioni moja kwa nia ya kukipima tu, tukakiweka chini usiku wa manane kimekwisha.

Kitabu chenyewe kimeandikwa kwa Kiingereza, na jina lake ni A Long Walk to Water, ambalo twaweza kulifasiri kuwa safari ndefu ya kuyaendea maji. Mtungaji wake ni Bibi Linda Sue Park, mzaliwa wa Marekani ambaye wazazi wake walitoka Korea, nacho kilitoka mwaka 2010. Ni chembamba, sentensi zake ni fupi, na Kiingereza chake ni chepesi kiasi kwamba kijana wa kidato cha pili atakifuata akiwa na kamusi kando yake. Kimejengwa juu ya mambo ya kweli yaliyompata Salva Dut, Mdinka wa Sudani ya Kusini, ambaye alimsimulia mtungaji habari zake mwenyewe. Hata hivyo ni hadithi iliyotungwa, kwa maana mazungumzo na baadhi ya mambo madogo madogo yameongezwa, na mtungaji hafichi jambo hilo.

Mwaka 1985 Salva alikuwa mtoto wa miaka 11. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeanza Sudani miaka miwili kabla yake, lakini vilikuwa mbali na kijiji chao cha Loun-Ariik, au ndivyo watoto walivyodhani. Siku hiyo ameketi darasani, macho kwa mwalimu na moyo nyumbani, akiwaza maziwa atakayopewa na mama yake. Mara bunduki zikalia. Mwalimu akawaamuru wanafunzi wakimbilie porini, wala wasiende nyumbani, kwa kuwa vijijini ndiko hatari iliko. Basi mtoto akatoka mbio pamoja na wengine, na tangu saa ile hakumwona baba yake tena ila baada ya miaka mingi, naye amekwisha kuwa mtu mzima.

Hayo yote mtungaji ameyamaliza katika kurasa chache za kwanza. Hakuna utangulizi mrefu, wala maelezo ya nchi na tabia za watu wake. Msomaji hajaketi vizuri, naye amekwisha kutupwa porini pamoja na mtoto. Wenzake wa kwanza wanamwacha amelala ghalani, wakaenda zao, maana mtoto huchelewesha safari na hula chakula. Baadaye anapata rafiki wa rika lake, jina lake Marial, na usiku mmoja simba anamchukua Marial katikati ya watu waliolala. Mtungaji hatuonyeshi simba. Salva anaamka, na rafiki yake hayupo. Sisi tuishio karibu na mbuga tunajua kwamba ndivyo ilivyo. Simba wa kweli haji kwa ngurumo kama simba wa hadithi.

Wazee wetu walipokuwa shuleni walisoma Mashimo ya Mfalme Sulemani, kitabu cha Rider Haggard kilichotiwa katika Kiswahili na Frederick Johnson mwaka 1929. Nacho kilisisimua, hatukatai. Nani aliyekisoma akasahau kiu ya wale watu jangwani, au baridi ya ile milima? Lakini wale waliifuata hatari kwa miguu yao wenyewe. Walikuwa na bunduki, na ramani, na watumishi wa kuwachukulia mizigo, na mbele yao kulikuwa na almasi. Tena, baridi ile ya mlimani ilipoua mtu, aliyekufa alikuwa mtumishi. Kijana wa Kiafrika aliyekisoma kitabu kile alilazimika kuchagua kama atajiona katika bwana mwenye bunduki au katika yule aliyeganda pangoni. James Mbotela alitukaribia zaidi katika Uhuru wa Watumwa, kitabu chake cha mwaka 1934, kwa kuwa watu wake nao hawakuichagua safari yao. Salva ni wa ukoo huo. Hakutafuta hazina, hatari ilimfuata mpaka kwenye dawati, naye hana ramani wala mtumishi. Viatu alivyo navyo vinakatikia njiani.

Sehemu iliyo bora kuliko zote ni ile ya jangwa la Akobo, ambalo yawapasa kulivuka kwa siku tatu wakiwa na maji waliyobeba tu. Wakati huo Salva amekwisha kukutana na baba yake mdogo, Jewiir, aliyekuwa askari zamani. Mtoto anajikwaa, ukucha wa kidole cha mguu unang'oka, naye analia asiweze kwenda mbele. Tulipofika hapo tulitazamia hotuba. Ingalikuwa rahisi kumfanya baba mdogo aseme maneno makubwa juu ya ujasiri, nasi walimu tungaliyapigia mstari kwa wino mwekundu. Hakusema. Alimwonyesha kichaka kilicho mbele yao na kumwambia aende mpaka pale tu. Alipofika, akamwonyesha kitu kingine cha mbele, kisha kingine. Jangwa zima halivukiki kwa mtoto wa miaka 11, lakini kichaka kile chaweza kufikiwa.

Twadhani Bibi Park naye ameandika kwa njia iyo hiyo. Milango ya kitabu ni mifupi, na kila mmoja unakoma mahali ambapo msomaji haoni mbali kuliko mtoto aonavyo. Hatuambiwi mapema kama Uhabeshi watafika, wala nani atafika. Kijana asiyependa kusoma atajisemea kwamba atasoma mpaka mwisho wa mlango huu tu, na akifika hapo ataona wa pili si mrefu, na kwa njia hiyo atajikuta amevuka. Ustadi huu si mdogo. Vitabu vingi vya misiba hukusanya vitisho, kimoja juu ya kingine, mpaka msomaji achoke na kuacha kuogopa. Hapa kila kitisho kinapewa nafasi yake, tena ndogo.

Katika jangwa hilo hilo wanawakuta watu wamelala mchangani, wengine wamekwisha kufa, wengine wangali wakipumua. Wanawake wa msafara wanatoa maji yao na kuwanywesha. Wengine wanawakataza, kwa kuwa atoaye maji yake jangwani atoa uhai wake. Salva ataka kutoa ya kwake, na baba mdogo amzuia, akimwambia yeye ni mdogo mno. Je, nani aliyefanya vema? Mtungaji hasemi. Amewaweka wote mbele yetu, mwenye huruma na mwenye hesabu, akaendelea na safari. Tulikumbuka habari ya Mfalme Daudi, alipoletewa maji ya kisima cha Bethlehemu na mashujaa waliohatarisha maisha yao kuyapata, naye akakataa kuyanywa, akayamimina mbele za Bwana. Wanafunzi wetu hubishana juu ya habari hiyo kila mwaka, kama maji yale yalipotea bure au hayakupotea. Mwalimu aweza kuzisoma habari hizi mbili siku moja, asipate nafasi ya kusema neno.

Haupiti muda mrefu, baba mdogo auawa mbele ya macho ya mtoto. Hatutaeleza zaidi. Salva anafika kambi ya Itang, Uhabeshi, na kukaa huko miaka ipatayo sita. Mwaka 1991, serikali ya nchi ile ilipoanguka, askari wakawafukuza wakimbizi mpaka mto Gilo, uliokuwa umejaa kwa mvua. Mbele mamba, nyuma risasi. Waliovuka hawakuwa wote, wala si karibu na wote. Naye Salva, kijana wa miaka 17 hivi, akajikuta akiwaongoza wavulana zaidi ya 1,000 kwenda Kenya kwa miguu, safari ya mwaka mmoja na nusu, akitumia elimu moja tu aliyorithi, ile ya kichaka kilicho mbele.

Lakini kitabu hiki kina habari mbili. Kila mlango unaanza na kipande kifupi juu ya msichana aitwaye Nya, wa kabila la Wanuer, na mwaka ni 2008. Hakuna bunduki katika vipande hivyo. Nya anachota maji. Anakwenda ziwani asubuhi, anarudi mchana, anakula kidogo, anakwenda tena. Mwiba unamchoma mguu. Kiangazi kikija, jamaa zake wanahamia penye ziwa lililokauka, naye anachimba tope kwa mikono na kungoja maji yajikusanye shimoni. Ndivyo ilivyo habari yake kwa kurasa nyingi. Msomaji mwenye haraka ya kurudi kwa Salva ataona ni kero, na huenda akaviruka vipande hivyo. Twamwonya asithubutu. Jinsi habari hizi mbili zinavyokutana mwishoni hatutasema, maana tukisema tutakuwa tumemwibia. Ila twakiri kwamba tulipofika pale ilitubidi kufuta miwani.

Hapa ndipo tuonapo kwamba kitabu hiki kimetufaa sisi wa Mlima Meru kuliko pengine kilivyowafaa wale walioandikiwa kwanza. Mtoto wa Marekani husoma habari za Nya kama maajabu. Kwetu si maajabu. Upande wa kusini wa mlima Mungu ametujalia mito, Themi na Nduruma na Usa, na migomba inasimama mpaka barabarani. Zunguka mlima uende Oldonyo Sambu au Ngare Nanyuki, utaikuta nchi nyingine: vumbi, na punda wenye madumu, na wasichana nyuma yao. Mwaka 2009, ambao katika kitabu Nya angali akichota maji, ng'ombe wa Longido na Monduli walikuwa wakifa kwa ukame, na wasomaji wetu wengi waliuona kwa macho yao.

Tena hata penye maji tunayo shida yetu. Mlima huu ulikuwa wa moto, na maji yatokayo katika mawe yake yana floridi nyingi. Ndiyo yaliyowapaka watu wetu meno rangi ya kahawia, na wengine yamewapinda mifupa. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 katika lita moja, na vyanzo vingi vya hapa vimepita hapo mbali sana. Wataalamu wa kituo cha Ngurdoto walifanya kazi ya kuyasafisha maji hayo kwa mkaa wa mifupa. Kwa hiyo Nya amwonapo mdogo wake Akeer ameugua kwa maji yale yale aliyoyachota na kuyatwika yeye mwenyewe, msomaji wa Maji ya Chai haulizi yawezekanaje mtu kuumizwa na maji ambayo bila hayo hawezi kuishi.

Kasoro zipo, nasi tusipozitaja tutakuwa wachuuzi. Theluthi ya mwisho inakimbia. Miaka ya Salva katika kambi za Kakuma na Ifo, ambayo kwa mkimbizi huenda ndiyo jangwa kubwa kuliko yote, imepewa kurasa chache mno. Safari yake ya mwaka 1996 kwenda Rochester, Marekani, na taabu ya kuanza maisha upya katika theluji, ni kama imetazamwa kupitia dirisha la basi. Mtungaji ajua sana kutembea na mtoto mwenye njaa. Hajui sana kukaa na kijana anayengoja. La pili ni zito zaidi. Uadui wa Wadinka na Wanuer umeelezwa kwa maneno machache, hata msomaji asiye na habari aweza kudhani watu hawa walizaliwa wachukiane. Mwalimu hana budi kuongeza maelezo yake hapo. Aanze na ya nyumbani: Waarusha na Wameru nao walipigana na kunyang'anyana ng'ombe katika karne ya 19, na leo wanaoana na kuimba kwaya moja.

Na kwa kuwa kitabu kilitoka mwaka 2010, hakikuweza kusema habari za uhuru wa Sudani ya Kusini wa tarehe 9 Julai 2011, wala za vita vilivyozuka ndani ya nchi hiyo mwaka 2013. Kijana ataka kuyajua hayo. Ajue pia ya kuwa nchi ya Salva iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na makao makuu ya Jumuiya hiyo yako mjini mwetu Arusha, mahali ambapo mwanafunzi aweza kufika kwa daladala akaiona bendera yake.

Mzazi mmoja, mtu wa heshima, alipotukuta na kitabu hiki alituuliza kama ni vema kumpa mtoto habari za vifo vingi namna hii. Watoto, alisema, waachiwe furaha yao. Tulimsikiliza, kwa kuwa hakusema upuzi. Tarehe 6 Mei 2017 gari la shule moja ya Arusha lilitumbukia bondeni huko Rhotia, Karatu, likawaua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu waliokolewa. Tarehe 3 Desemba 2023 matope ya Mlima Hanang yaliishukia Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafa. Darasani mwetu wamo watoto waliowazika ndugu na rafiki siku hizo. Tungewezaje kuwapa kitabu cha misiba?

Jibu letu ni kwamba watoto hao hawangoji kitabu ili wajue kifo kipo. Wanajua. Wasilojua ni kama kuna mtu mwingine ajuaye, na kama mtu aweza kuamka siku ya pili baada ya hapo na kufanya nini. Vitabu vya furaha tupu huwaambia kwamba wao peke yao ndio walio nje ya mlango. Salva analia katika kitabu hiki, mara nyingi, wala hakuna amkemeaye kwamba mwanamume halii. Ila twakubaliana na mzazi yule katika jambo moja: mwalimu akisome kwanza peke yake, na mtoto mwenye msiba mpya asishurutishwe kukisoma kwa sauti mbele ya wenzake. Kwa watoto walio chini ya miaka 11, tungengoja.

Baada ya kukisoma tulibaki na wivu kidogo. Mwezi Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 walifukuzwa katika nchi yao ya Ngare Nanyuki ili walowezi wapewe. Nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa, na watoto wakatembea. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda New York kuyasema hayo mbele ya Umoja wa Mataifa, na baadaye yeye na wakili Earle Seaton wakaiandika kesi hiyo katika kitabu cha Kiingereza kilichotoka mwaka 1967. Kitabu hicho ni cha watu wazima na cha wanasheria. Mtoto aliyetembea siku ile ameshika mkia wa ndama, aliona nini? Aliambiwa na nani aende mpaka mti gani? Hadithi hiyo twaitamani kwa Kiswahili, tena nyembamba kama hii. Wapo bado wazee waliokuwa watoto wakati ule, lakini wanapungua kila mwaka, na mwalimu kijana mwenye daftari na Jumamosi moja aweza kuanza.

Kwa wale watakaokitumia kitabu hiki shuleni, njia iliyotufaa sisi ni hii. Tulikisoma kwa sauti mlango mmoja kila siku, kwanza kwa Kiingereza, kisha tukaueleza kwa Kiswahili, na kipande cha Nya tulimpa msichana asome. Mlango wa mto Gilo usikatwe katikati. Afadhali kengele ingoje. Ramani iliyo mwanzoni tuliichora ubaoni, na kila siku mtoto mmoja alisogeza alama ya chaki.

Tulitazamia ya kuwa siku ya mwisho maswali yangekuwa juu ya simba na mamba. Yalikuwa juu ya maji. Mvulana mmoja alitaka kujua dumu la Nya lilikuwa la lita ngapi. Kisha msichana wa nyuma, mwenye desturi ya kufunika mdomo kwa mkono anaposema, aliuliza kama yale maji ya kisima kipya yalipimwa kabla watu hawajaanza kuyanywa. Tulirudi kwenye kitabu tukatafuta jioni ile, tusione mahali palipojibu.